Gozo, Djerba, Pantelleria au Chios: Kisiwa Kipi Kinamfaa Mnunuzi wa Kazi za Mikono na Vyakula vya Wenyeji?

Visiwa vinne vinavyolinganishwa hapa, yaani Gozo ya Malta, Djerba ya Tunisia, Pantelleria ya Italia na Chios ya Ugiriki, vimo katika bahari moja ya Mediterania, na kila kimoja kina maduka ambayo rafu zake zimejaa vitu vinavyonadiwa kuwa ni vya asili ya kisiwa. Ugumu wa mnunuzi huanzia hapo, kwa sababu sehemu kubwa ya vitu vinavyouzwa karibu na bandari na hoteli hutengenezwa viwandani, mbali kabisa na kisiwa chenyewe, na mgeni mwenye siku mbili au tatu hana muda wa kujifunza kutofautisha. Kwa sababu hiyo, kigezo changu cha kwanza katika ulinganisho huu si bei. Ninauliza kama mnunuzi anaweza kufika mahali kitu kinapotengenezwa au kulimwa, akaiona kazi yenyewe, kisha akarudi dukani siku hiyo hiyo akiwa na macho yanayojua anachokitafuta. Nauli, viza na uzito wa mzigo ni mambo ya lazima, lakini yanafuata baadaye.

Ukubwa wa visiwa hivi una uzito katika jambo hili. Gozo ina kilomita za mraba 67 hivi na Pantelleria 83, hivyo vyote viwili huzungukwa kwa gari kwa siku moja bila shida. Djerba, yenye kilomita za mraba zipatazo 514, inahitaji siku mbili. Chios, yenye 842, si ndogo sana, lakini bidhaa yake kuu, utomvu wa mti uitwao mastiha, hutoka kusini tu, na mnunuzi anayelala huko kusini hana haja ya kukimaliza kisiwa kizima.

Kazi za mikono: lesi ya Gozo na vyungu vya Djerba

Gozo inajulikana kwa lesi, ambayo kwa Kimalta huitwa bizzilla. Mfumaji huegemeza mbele yake mto mrefu na mgumu uliojazwa majani makavu, huubandikia karatasi yenye mchoro, huchomeka pini kwenye vitobo vya mchoro huo, kisha hupishanisha nyuzi zilizozungushwa kwenye vijiti vidogo vya mbao, jozi kwa jozi, hadi ua au jani lijitokeze. Hakuna sindano katika kazi hiyo, wala hakuna kitambaa cha chini. Lesi yote ni uzi uliopishanishwa hewani. Ufundi huu ulipata nguvu mpya katika karne ya 19, wakati mafundi wa kutoka Genoa walipoletwa Malta kufundisha, na baada ya hapo ukawa riziki ya nyumba nyingi za Gozo. Hariri ya rangi ya asali ndiyo iliyoipa lesi hii sifa zamani, ingawa leo mnunuzi atakutana zaidi na pamba na kitani. Alama zake mbili ni msalaba wa ncha nane na vijani vilivyonenepa katikati mfano wa punje za ngano.

Kutambua lesi ya mkono si kazi ngumu kwa mtu aliyezoea kutazama. Yeyote anayejua kutofautisha kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono na ile ya mashine, kama wanavyofanya wazee wa Pwani kwa kuigeuza ndani nje na kupitisha kidole juu ya vitobo, tayari ana nusu ya elimu inayohitajika. Katika lesi ya mkono, kila kijani kimebanwa kivyake na hakilingani kwa ukamilifu na mwenzake, ilhali mashine hurudia makosa yaleyale kila baada ya sentimita chache na huacha ncha za uzi zenye manyoya. Bei nayo hutoa ushahidi. Kipande kidogo cha kutandika chini ya kikombe huchukua saa nyingi, kwa hiyo kitambaa cha meza nzima kinachouzwa kwa bei ya chakula cha mchana hakiwezi kuwa kimefumwa na mtu wa kisiwa hicho. Hapo hakuna haja ya kubishana na mwenye duka. Inatosha kupita na kwenda mbele.

Katika mji mkuu, ambao ramani huuita Victoria na wenyeji huuita Rabat, kuna uwanja wa It-Tokk wenye soko la asubuhi. Uwanja huo ni mzuri kwa kuzoea mazingira, lakini kwa lesi ningependelea vijia vilivyouzunguka pamoja na maduka ya ndani ya ngome ya Ċittadella, ambako mara nyingine mto wa kufumia huwa umewekwa wazi dukani. Kijiji cha mafundi cha Ta' Dbieġi, upande wa magharibi wa kisiwa, humfaa mtu anayetaka kuona kazi za aina mbalimbali mahali pamoja.

Djerba ni habari nyingine, na kwa wingi wa mafundi inaizidi Gozo kwa mbali. Kijiji cha Guellala, ambacho wakazi wake wengi ni Waamazigh, yaani Waberiberi, wanaoendelea kuzungumza lugha yao, kimeishi kwa ufinyanzi kwa karne nyingi. Udongo wake huchimbwa katika mashimo yanayoingia ndani kabisa ya kilima, hukaushwa na kupondwa, kisha hulowekwa. Ukilowekwa kwa maji baridi, chombo hutoka chekundu baada ya kuchomwa. Ukichanganywa na maji ya bahari, hutoka cheupe. Karakana za zamani zimejengwa nusu chini ya ardhi ili udongo mbichi usikaushwe na jua kwa pupa ukapasuka. Mitungi mikubwa isiyopakwa rangi ilihifadhi mafuta ya zeituni na nafaka, na ile midogo ilifungwa kamba na kuzamishwa baharini ili pweza aingie kujificha, naye mvuvi akaivuta asubuhi. Kwa msomaji wa Unguja au Lamu anayejua jinsi pweza anavyotafutwa kwenye miamba maji yanapokupwa, mtungi huo mdogo ndio ningeuita ununuzi wenye maana kuliko yote kisiwani: ni mwepisi, ni wa bei nafuu, na una kazi inayoeleweka.

Tahadhari ya Guellala ni rangi. Sahani za buluu, kijani na manjano zinazong'aa, ambazo humvuta kila mgeni, nyingi hutoka Nabeul, mji wa bara wenye sifa yake ya ufinyanzi wa kupakwa rangi. Si bidhaa mbaya hata kidogo, ni kazi ya Tunisia na ni kazi ya mkono kwa sehemu kubwa, ila si ya Guellala, na mtu aliyesafiri hadi Djerba kutafuta kitu cha Djerba anastahili kulijua hilo kabla hajatoa pesa. Kazi ya kijiji chenyewe ni ile iliyo wazi, isiyong'aa, yenye alama za vidole vya mfinyanzi upande wa ndani.

Katika mji wa Houmt Souk, ambao jina lake lina maana ya mtaa wa soko, kuna wafumaji wa blanketi na mashuka ya sufu, na kuna maduka ya masonara ambayo kwa vizazi vingi yameshikiliwa na familia za Kiyahudi za kisiwa hicho, mojawapo ya jumuiya chache za Kiyahudi zilizobaki katika ulimwengu wa Kiarabu. Anayenunua fedha aombe kuonyeshwa muhuri wa serikali na apimiwe mbele yake. Sonara mwaminifu haoni ombi hilo kuwa ni tusi. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza Djerba katika orodha ya urithi wa dunia kwa namna makazi yake yalivyotawanyika kisiwani, na mnunuzi ataona faida ya mtawanyiko huo kwa miguu yake mwenyewe: ufinyanzi uko upande mmoja, ufumaji upande mwingine, mashamba ya mizeituni katikati, na katika kila kituo kuna mtu wa kumuuliza.

Kwa kazi za mikono peke yake, basi, naipa Djerba nafasi ya kwanza bila kusita, kwa sababu mlolongo wote, kutoka shimo la udongo hadi tanuri, unaonekana kwa mchana mmoja. Gozo inarudi juu pale tu mzigo unapozingatiwa. Lesi inakaa ndani ya kitabu na kufika nyumbani salama, na mtungi wa Guellala unahitaji nguo zote za sanduku kuufunika, na bado mwenye sanduku hana amani hadi alifungue.

Vyakula: zabibu na kepa za Pantelleria, utomvu wa Chios

Pantelleria na Chios zina jambo moja la kupendeza linalozifunga pamoja: katika mkutano uleule wa mwaka 2014, UNESCO iliingiza katika orodha ya urithi usioshikika kilimo cha mizabibu ya Pantelleria na ujuzi wa kulima mastiha wa Chios. Visiwa vyote viwili basi vinauza kitu kinachotegemea mmea mmoja na namna ya pekee ya kuutunza.

Pantelleria iko karibu zaidi na Tunisia kuliko Sisilia, na upepo wake hauna huruma. Mkulima huchimba kishimo, hupanda mzabibu ndani yake na kuukata uwe mfupi kama kichaka kinachokaribia kulala chini, ili upepo upite juu yake. Aina ya zabibu hiyo huitwa zibibbo, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa neno hilo limetoka wapi, kwa kuwa zibibbo na zabibu yetu zimezaliwa na neno moja la Kiarabu. Vishada huanikwa juani hadi vikanyauke, na kutokana navyo hupatikana mvinyo mtamu wa Passito di Pantelleria, ambao jina lake limelindwa na sheria tangu 1971. Asiyekunywa kileo hakosi fungu lake, kwa maana zabibu kavu zenyewe ni tamu na zina harufu ya maua.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, hazina ya Pantelleria ni kepa, yaani matumba ya maua ya kichaka kinachotambaa kwenye kuta za mawe meusi ya volkano. Matumba hayo huchumwa kwa mkono kuanzia Mei hadi Agosti, kabla hayajafunguka, huku mchumaji ameinama chini ya jua, na kichaka kilekile hurudiwa tena na tena kila baada ya siku chache kwa sababu tumba lililoachwa hadi keshokutwa linaweza kuwa limeshakuwa ua. Baadaye huhifadhiwa kwenye chumvi ya bahari, si kwenye siki. Tofauti hiyo ndiyo mnunuzi anapaswa kuishika: kepa za siki hupatikana katika duka lolote la miji mikubwa na ladha yake ni ya siki, lakini za chumvi, zikilowekwa kwa maji safi kabla ya kupikwa, hubaki na ladha ya mmea. Ndogo zaidi ndizo ghali zaidi. Aangalie pia alama ya ulinzi wa asili kwenye kifungashio, kwa sababu kepa zinazolimwa mahali pengine huuzwa hata kisiwani humo. Kwa mtu anayepika samaki mara kwa mara, kilo moja ya kepa hizi ni zawadi inayodumu karibu mwaka mzima.

Chios inauza mastiha, utomvu mkavu wa mti mfupi wa jamii ya mpistachio. Miti ya namna hiyo imeenea pande nyingi za Mediterania, lakini vijiji vya kusini mwa Chios ndivyo vilivyoujenga uchumi wao wote juu ya utomvu huo. Wakati wa kiangazi wakulima husafisha ardhi chini ya mti, huifunika kwa udongo mweupe wa chokaa, kisha huchanja gome. Utomvu hudondoka juu ya udongo huo, hukauka kwa wiki mbili au tatu, huokotwa, na majira ya baridi wanawake wa kijiji huketi pamoja kuusafisha punje kwa punje kwa visu vidogo. Anayefika Januari bila kuona miti ikichanjwa anaweza kupata faida kubwa zaidi kuliko wa Agosti, kwani ataikuta kazi hiyo ya kusafisha ikiendelea majumbani.

Msomaji aliyekulia Pwani au Oman atailinganisha mastiha na ubani wa Dhofar, na ulinganisho huo una msingi: vyote viwili ni utomvu unaotoka kwenye mti uliochanjwa, vyote hutafunwa, na vyote viliufanya ukanda mdogo wa ardhi ujulikane mbali. Mastiha, lakini, ni ya jikoni zaidi kuliko ya chetezo. Huingia katika mikate, halua, aiskrimu, na katika tamutamu nyeupe nzito ambayo huletwa kwenye kijiko kilichozamishwa ndani ya gilasi ya maji ya baridi. Punje halisi hupasuka kwa urahisi jino linapoigusa, huwa na uchungu kidogo mwanzoni, kisha hulainika na kuwa nyeupe kama ubani wa kutafuna wenye harufu ya msonobari. Udanganyifu wa kuuza punje bandia ni mgumu huko, kwa kuwa chama cha wakulima kilichoanzishwa mwaka 1938 ndicho kinachokusanya na kuuza mastiha ghafi, na jina limelindwa katika Umoja wa Ulaya tangu 1997. Pa kuwa macho ni kwenye bidhaa za pili, kama sabuni, biskuti na vinywaji, ambazo nyingine zina harufu tu. Soma viambato, mastiha ikitajwa mwisho kabisa, nunua punje badala yake.

Tena Chios ina vijiji vya kuona. Pyrgi, ambako kuta za nyumba zimekwanguliwa maumbo ya pembetatu na miraba kwa rangi nyeupe na kijivu, ni mojawapo ya vijiji hivyo vya mastiha, na makumbusho ya mastiha yaliyofunguliwa mwaka 2016 yako kusini humo humo. Nashauri kupita makumbusho kwanza na dukani baadaye.

Gozo na Djerba hazikosi chakula. Gozo ina ġbejniet, jibini ndogo za maziwa ya kondoo au mbuzi ambazo huuzwa mbichi, zilizokaushwa au zilizoviringishwa kwenye pilipili manga, na ina chumvi ya Xwejni inayovunwa kiangazi katika majaruba yaliyochongwa kwenye jiwe la pwani. Chumvi hiyo huuzwa kando ya barabara, hatua chache kutoka ilikokaukia. Djerba ina mafuta ya zeituni na harisa, yaani rojo la pilipili, pamoja na mnada wa samaki wa Houmt Souk, ambapo wanadi huketi kwenye viti virefu wakiinua mitungo ya samaki. Mnada huo ni wa kutazama zaidi kuliko wa kununua, isipokuwa mtu awe amepanga nyumba yenye jiko.

Sikio la Mswahili sokoni

Kuna faida moja ambayo vitabu vya wageni wa Ulaya haviwezi kuitaja. Kimalta ni lugha ya asili ya Kiarabu iliyoandikwa kwa herufi za Kilatini, na mkopo wetu kutoka Kiarabu hukutana nacho sokoni. Bei ikitajwa kuwa sitta, sebgħa au disgħa, Mswahili husikia sita, saba na tisa. Għoxrin ni ishirini, tletin ni thelathini, ħamsin ni hamsini, mija ni mia na elf ni elfu. Asali ni għasel, tini ni tin, na soko ni suq. Djerba nako ni vivyo hivyo kwa Kiarabu cha Tunisia. Ni kweli kwamba Kiingereza ni lugha rasmi Malta na Kifaransa kinaeleweka Djerba, lakini muuzaji mzee akimsikia mgeni wa Afrika Mashariki akirudia tarakimu zake sawasawa, mazungumzo hubadilika, na mazungumzo yaliyobadilika ndiyo yanayomfungulia mgeni chumba cha nyuma chenye kazi nzuri zaidi.

Kuhusu maelewano ya bei, Djerba ndiyo peke yake ambako kupatana ni sehemu ya desturi ya soko, na mtu aliyelelewa na masoko ya Kariakoo au Marikiti hatapata tabu. Gozo, Pantelleria na Chios bei huandikwa na hulipwa. Kumwomba mfumaji wa lesi apunguze nusu ni kumwambia kwamba saa zake hazina thamani, na singependa msomaji wangu afanye hivyo.

Njia, viza na pesa

Malta, Italia na Ugiriki zote zimo katika eneo la Schengen na zote hutumia yuro, hivyo viza moja hufungua visiwa vitatu. Tunisia haimo, na anayetaka kuunganisha Djerba na kimojawapo cha vile vingine ahakikishe viza yake ya Schengen inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Dinari ya Tunisia hairuhusiwi kuingizwa wala kutolewa nchini, kwa hiyo badilisha kidogo kidogo na utunze risiti za benki hadi siku ya kuondoka.

Gozo hufikiwa kwa feri ya dakika 25 kutoka Ċirkewwa hadi Mġarr, na tangu 2021 pia kwa boti ya kasi kutoka Valletta. Djerba ina uwanja wake wa ndege wa kimataifa na barabara inayoiunganisha na bara. Pantelleria hufikiwa kwa ndege kutoka Sisilia au kwa feri ya Trapani, na upepo ukichafuka ratiba huvunjika, basi usipange ndege ya kurudi nyumbani kesho yake asubuhi. Chios ni safari ndefu ya meli kutoka Piraeus, au ndege fupi kutoka Athens.

Mafuta, mvinyo na asali viwekwe kwenye sanduku la chini, kwani vimiminika vya zaidi ya mililita 100 kwa kawaida hukataliwa kwenye mzigo wa mkononi. Jibini ni tatizo la mpakani: asiyekuwa na uhakika na masharti ya nchi yake aile ġbejna huko huko Gozo, na aliye Ulaya asijaribu kurudi kutoka Djerba na chochote cha nyama au maziwa. Mastiha, kepa za chumvi na chumvi yenyewe ni vikavu na havivunjiki, na hilo linaipa Chios na Pantelleria nafuu kubwa kwa msafiri wa kwenda Dar es Salaam au Mombasa kwa ndege mbili au tatu.

Uamuzi

Anayekwenda kwa mara ya kwanza, mwenye siku mbili tu na familia pamoja naye, achague Gozo: njia ni fupi, lugha haisumbui, na katika siku moja atashika lesi, chumvi na jibini kwa mkono wake, mradi asiridhike na meza za kwanza za It-Tokk. Mwenye nyumba ya kupamba, au mwenye duka dogo anayetafuta bidhaa za kurudisha gharama, aende Djerba na akae siku nne, mbili kati ya hizo akizitumia Guellala bila kununua kitu siku ya kwanza. Mpishi aende Pantelleria, mwishoni mwa Mei au mwezi Juni, wakati kepa zinachumwa na joto halijawa kali, akijua kwamba atalipa zaidi kwa kila kitu na kwamba duka la nguo au vito halitamvutia huko.

Chios nawapa wale wanaotaka kitu kimoja na kukijua vizuri. Iwapo mtu ana mzee nyumbani ambaye hutafuna ubani baada ya chakula na kunusa kila kinacholetwa kabla ya kukipokea, amchukulie mastiha ya punje kubwa, si ya kopo lenye picha, na aandike kwenye karatasi jina la kijiji ilikotoka, maana mzee huyo ataliuliza.